Gari Ikilia Ti-Ti-Ti: Sikiliza Kwanza, Ndipo Utoe Fedha

Ndugu Wanachama,

Mtakumbuka ya kuwa katika mkutano wetu uliopita tulikubaliana kuchanga fedha za kununua injini nyingine ya gari yetu ndogo ya mizigo, kwa sababu iliyopo ilikuwa inalia ti-ti-ti kama cherehani. Kadhalika tulimkata dereva wetu sehemu ya mshahara, tukidhani kuwa ndiye aliyeiharibu. Leo naandika kuwaarifu kwamba mchango ule hauhitajiwi tena, na kwamba katika jambo la dereva tulikosea, na mimi Katibu ndiye wa kwanza katika kosa hilo.

Khabari yenyewe ilianzia mbali. Nilikuwa safarini Karagwe, Mkoa wa Kagera, katika kata ya Ndama, kutazama jinsi wakulima wa kahawa wanavyoanika mazao yao na kuyapeleka katika vyama vya msingi. Lori lililotuchukua lilipokuwa likipanda kilima likaanza kutoa mlio ule ule nilioucha nyumbani. Akaitwa fundi mmoja mtu mzima. Hakushika spana. Alitwaa kijiti kikavu cha mbuni, ncha moja akaigusisha injini na ya pili akaitia sikioni, akawa anasikiliza hapa na pale kama daktari asikilizavyo kifua cha mgonjwa. Nikamwambia, “Mzee, sisi kwetu tumekwisha kata shauri kununua injini nyingine.” Akacheka, akasema, “Ndugu yangu, paa likivuja hubomoi nyumba. Hutafuta kwanza tundu.”

Haya ndiyo aliyonifundisha, pamoja na niliyoyasoma baadaye katika kitabu cha gari yetu.

Kwanza, hakikisha kuwa mlio ni wa injini. Simamisha gari, injini iwe inanguruma, kisha kanyaga mafuta kidogo. Mlio ukienda mbio pamoja na injini, basi ni wake. Ukisikika gari inapotembea tu, tazama magurudumu. Kijiwe kilichonasa katika tairi hulia vivyo hivyo.

Pili, pima oili. Gari iwe mahali pa tambarare, injini imezimwa, ngoja kiasi cha dakika 10. Chomoa kijiti cha kupimia, kifute, kirudishe, kichomoe tena. Oili yapasa iwe baina ya alama mbili. Ikipungua, au ikiwa ni ya zamani mno, haifiki vizuri juu kwenye valvu, na chuma hugonga chuma. Ongeza ya namna ile iliyotajwa katika kitabu, au ibadilishe yote pamoja na chujio. Mara nyingi maradhi huishia hapo.

Tatu, sikiliza injini ikiwa baridi na ikiwa moto. Mlio mkubwa wa asubuhi unaopungua injini ikipata moto, mara nyingi ni moshi unaopenya penye gasketi ya ekzosi. Chuma kikipata moto hutanuka na kuziba ule mwanya. Tafuta alama ya masizi meusi mahali bomba linapoungana na injini. Dawa yake ni gasketi mpya na kukaza bolti.

Nne, tumia kijiti. Cha mkarafuu kinafaa sawa na cha mbuni. Lakini jihadhari sana na feni na mkanda wake, na usivae nguo yenye mikono mipana. Mlio ukiwa na nguvu juu, chini ya kifuniko cha valvu, zishuku tapeti. Injini ikizunguka mara 800 kwa dakika, kila valvu hufunguka mara 400. Ndiyo maana mlio wa tapeti huwa mwepesi na wa mpango, wala haufuati kila mzunguko.

Tapeti nyingi, khasa za magari ya zamani, zina skrubu na nati ya kurekebishia. Fundi hupima nafasi kwa vyuma vyembamba, kila valvu kwa zamu yake ikiwa imefunga kabisa. Kila gari ina kipimo chake, na kitabu husema kama hupimwa injini ikiwa baridi au moto. Msimwambie fundi akaze mpaka mlio uishe wote. Nafasi ikikosekana, valvu haifungi sawasawa, nayo huungua. Tapeti inayolia kidogo ni afadhali kuliko iliyobanwa ikanyamaza. Wenye gari za dizeli nao wajue kuwa injini zao zina kelele kwa asili; yapasa kuzoea sauti yake ya kila siku ili uitambue ikigeuka.

Walakini mlio ukiwa mzito, wa kugonga, unatoka chini, na khasa gari inapobeba mzigo, au taa ya oili ikiwaka, zima injini papo hapo. Usiseme utafika nyumbani kwanza. Hiyo gari ivutwe. Mwendo mfupi tu waweza kuiua injini nzima.

Niliporejea tulifuata mpango huu mbele ya wajumbe wawili wa Kamati. Oili ilikuwa sawa. Ekzosi haikuwa na masizi. Kijiti kikatuongoza juu, na kifuniko kilipofunguliwa, nati ya tapeti moja ilikutwa imelegea. Gharama yote ilikuwa gasketi ya kifuniko na ujira wa fundi.

Dereva wetu alikuwa amekwisha niambia mara mbili, “Katibu, tapeti zinalia.” Nikamjibu angoje msimu wa karafuu upite. Nimemtaka radhi, na Kamati imekubali arudishiwe fedha zake zote. Waliokwisha toa mchango waje ofisini na stakabadhi zao, nao watarudishiwa.

Dalili ya mvua ni mawingu. Anayekaa na gari kutwa ndiye anayeyaona mawingu mwanzo; naomba tumsikilize.

Mimi ndugu yenu,
Katibu wa Chama