Mtoto mgonjwa aliyegeuka gwiji wa karate

Je, msomaji, wadhani karate ni ya watu wenye misuli mikubwa kama wale uwaonao kwenye sinema? Basi soma kisa cha Gichin Funakoshi, Mjapani aliyefanya mengi kuueneza mchezo huu.

Alizaliwa mwaka 1868 mjini Shuri, kisiwani Okinawa, kabla ya siku zake kutimia. Aliugua mara kwa mara, hata jamaa zake hawakutarajia angeishi miaka mingi. Alipokuwa shuleni, babake mwanafunzi mwenzake, Mzee Azato, alianza kumfunza karate. Siku hizo ilifunzwa kwa siri, kwa hivyo kijana alienda huko usiku.

Huenda ukafikiri alianza kwa kuruka na kupiga mateke. La! Alipewa kata moja, yaani hatua, mapigo na vizuizi vinavyofuatana kwa mpango maalum. Aliirudia usiku baada ya usiku, kwa miezi kadhaa, mpaka mwalimu aliporidhika. Mwili dhaifu haukulazimishwa, ulizoeshwa polepole. Baada ya miaka michache, afya yake ilikuwa imebadilika kabisa.

Alitaka kuwa daktari, na mtihani wa kuingia chuoni aliupita. Lakini chuo hakikuwataka vijana waliofunga shungi la nywele la kimila, nao jamaa zake walikataa katakata likatwe. Akawa mwalimu wa shule. (Hospitali zilipata hasara, karate ikapata faida!)

Mwaka 1922, akiwa na zaidi ya miaka 50, alienda Tokyo kuionyesha karate katika maonyesho ya elimu ya viungo, akabaki huko. Fedha hakuwa nazo. Aliishi katika bweni la wanafunzi wa Okinawa, akifagia na kulinda lango huku akifundisha.

Usidanganyike, hata hivyo, kwamba mazoezi ni kinga ya kila ugonjwa. Mwanawe Gigo, karateka hodari ajabu, alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1945, mwaka ule ule jumba lao la mazoezi lilipoteketezwa kwa mabomu. Kikohozi kikipita majuma mawili, nenda ukapimwe makohozi, hata kama wewe ni bingwa.

Funakoshi mwenyewe alifariki mwaka 1957 akiwa na miaka 88. Nawe ukitaka kuanza, na una ugonjwa wa moyo au presha, muone daktari kwanza, kisha umweleze mwalimu wako hali yako kabla ya zoezi la kwanza.