Usingizi, Kukumbuka na Kusahau

Mnamo mwaka 1924, Jenkins na Dallenbach wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, waliwapa wanafunzi wawili orodha za silabi kumi kumi zisizo na maana. Silabi zenyewe zilifungwa kwa konsonanti, umbo ambalo sikio la Mswahili halilipokei upesi. Waliolala saa nane walikumbuka takriban nusu. Wakikaa macho muda uo huo, karibu zote ziliwatoka. Ilidhaniwa kuwa usingizi huzuia tu mambo mapya yasiyafunike ya awali.

Kumbe ubongo uliolala haukai bure. Mwaka 1994, Wilson na McNaughton walionyesha kwamba seli za hipokampasi ya panya, zilizofanya kazi pamoja alipokuwa akizunguka mahali fulani, hufanya kazi pamoja tena katika usingizi mzito. Marudio hayo huimarisha kumbukumbu, na mwanafunzi akeshaye usiku wa kuamkia mtihani hujinyima hayo hasa.

Na kusahau je? Mwaka 2019, watafiti wa Japani na Marekani walizichunguza seli za haipothalamasi zitoazo homoni iitwayo MCH. Zilipozimwa katika usingizi wa ndoto, panya walikumbuka vyema zaidi; zilipozimwa wakiwa macho, hapakuwa na tofauti.