Ukungu wa kijani wa machungwa

Ukungu wa kijani ni ugonjwa unaoozesha machungwa, malimau, machenza na matunda mengine ya jamii ya michungwa baada ya kuvunwa. Unasababishwa na kuvu iitwayo Penicillium digitatum.

Maambukizi

Spora za kuvu hii husambazwa na hewa. Zikitua juu ya ganda zima haziwezi kupenya. Zikipata jeraha, hata alama ya ukucha au mwiba, huota. Kwanza ganda hulainika na kuloa, kisha hutokea utando mweupe, halafu vumbi la kijani ambalo ni spora mpya. Joto la nyuzi 25 hivi za Selsiasi huifaa sana kuvu hii.

Dawa

Katika vituo vya kufungashia, matunda huoshwa, kisha hutiwa dawa ya kuua kuvu, mara nyingi pamoja na nta. Imazalili huzuia kuvu kutengeneza ergosteroli, kemikali inayohitajika katika utando wa seli zake. Thiabendazoli huzuia seli zisigawanyike. Njia ya zamani zaidi ni kutumbukiza matunda katika maji ya moto kiasi yenye sodiamu bikaboneti, ambayo hutumika pia kuumua keki.

Usugu na masalia

Dawa ileile ikitumiwa msimu baada ya msimu, spora chache zinazoihimili hubaki hai na kuzaana, hadi dawa ikakosa nguvu. Usugu wa namna hii umekwisha kuonekana kwa imazalili na thiabendazoli. Kwa hiyo inashauriwa kubadilisha aina za dawa, kusafisha makreti na maghala, na kuondoa mapema matunda yaliyooza.

Masalia ya dawa hubaki zaidi kwenye ganda. Nchi nyingi zimeweka kiwango cha juu kinachoruhusiwa. Anayetaka kupika jemu ya maganda anafaa kutafuta matunda ambayo hayakutiwa dawa.

Kinga shambani

Hakuna dawa inayoponya chungwa lililokwisha kuoza. Kinga ya kwanza ni kuzuia majeraha: kukata kikonyo kwa mkasi badala ya kunyofoa tunda, kufupisha kucha au kuvaa glavu, kutovuna matunda yakiwa na umande, na kuyaweka chomboni taratibu bila kuyatupa. Baada ya hapo, kuyahifadhi penye ubaridi hupunguza kasi ya kuvu, ingawa hakuiui.