Babu Alikuwa Dereva Tu? Keya, Kariakoo na Waliolibeba Jeshi

Mwezi uliopita tulikuwa kwenye khitma ya jamaa yetu huko Kisauni. Baada ya dua, wazee walipokuwa wakinywa kahawa, mazungumzo yakamfikia babu yangu mzaa mama, ambaye sote tumekua tukiambiwa kwamba alikuwa keya na alipigana Burma. Binamu yangu mmoja, kijana msomi, akasema kwa sauti ya kusikika, "Yule hakuwa keya bwana, alikuwa dereva tu." Vijana wakacheka.

Mjomba hakucheka. Aliingia ndani akatoka na mkebe wa biskuti wa zamani, akanipa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ni cheti cha babu cha kuachishwa jeshi. Palipoandikwa kikosi pana herufi tano: EAASC. Binamu alisema kweli, babu hakuwa keya. Lakini lile neno "tu" limenikaa kooni tangu siku ile.

Kwanza, keya ni nini? Ni herufi KAR tulizozigeuza neno, yaani King's African Rifles, jeshi la miguu la Waingereza katika Afrika Mashariki. Asili yake moja iko hapa hapa kwetu. Mwaka 1895, Uingereza ilipoichukua nchi hii kutoka kwa kampuni ya biashara iliyokuwa ikiitawala, iliunda kikosi kilichoitwa East Africa Rifles, makao yake Mombasa. Ndani yake mlikuwa na Wasudani, Wahindi wa Punjab na Waswahili. Kikosi hicho kilikuta vita tayari: Sheikh Mbaruk bin Rashid Mazrui alikuwa ameinuka dhidi ya Waingereza, na ililazimu waletwe askari wengine kutoka India ndipo Mbaruk akavuka mpaka kuingia upande wa Wajerumani mwaka 1896. Kwa hiyo askari hawa walianza kazi kwa kuwapiga watu wa pwani, si kuwalinda. Wengi wetu hatupendi kulisema hilo.

Tarehe 1 Januari 1902 vikosi vya Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, vya Uganda na hiki cha kwetu viliunganishwa vikawa KAR. Batalioni ya kwanza na ya pili zikawa za Nyasaland, ya tatu ya Kenya, ya nne na ya tano za Uganda, ya sita ya Somalia ya Waingereza. Batalioni ni kundi la askari kiasi cha mia saba hadi elfu moja, lenye kampuni kadhaa ndani yake. Batalioni tatu hivi hufanya brigedi, na brigedi mbili tatu hufanya divisheni. Mzee akikwambia alikuwa "tatu keya", anakutajia batalioni yake.

Vita vya kwanza vya dunia vilipoanza Agosti 1914, KAR nzima ilikuwa na askari kama 2,300 tu. Na mwezi huo huo baadhi yao walikuwa Giriama. Serikali ilikuwa imeibomoa Kaya Fungo kwa baruti, Mekatilili wa Menza alikuwa ameshakamatwa na kupelekwa mbali, na nyumba za Wagiriama zilichomwa moto. Faini waliyotozwa ilikuwa rupia 100,000 pamoja na vijana 1,000 wa kwenda kufanya kazi vitani.

Wa kufanya kazi, si wa kupigana. Vita vya upande wa Tanganyika vilipiganwa mahali pasipo na barabara, na penye ndorobo wanaoua ng'ombe, farasi na nyumbu. Kila risasi, kila gunia la unga, kila machela ya majeruhi ilibebwa na binadamu. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama kilo 25, na mbebaji naye anakula, kwa hiyo safari ikiwa ndefu sehemu ya chakula huliwa na wanaokibeba kabla hakijafika. Ndiyo sababu wabebaji walihitajika wengi kuliko askari, mara nyingi zaidi. Waingereza walikiita kikosi hicho Carrier Corps. Midomo yetu ikakiita Kariakoo, na jina likabaki Dar es Salaam na Nairobi, pale walipokuwa na kambi zao. Leo mtu anakwenda Kariakoo kununua kitenge wala hajui.

Hesabu za Waingereza wenyewe zinasema wabebaji zaidi ya 40,000 walikufa, na watafiti wengi wanaamini walikuwa zaidi sana ya hapo. Wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, malaria na kichomi, kwa kupewa unga wa mahindi usiosagwa vizuri na usioiva, kwa baridi bila blanketi. Oscar Watkins, ofisa aliyewasimamia, aliwapigania ili mishahara ambayo haikudaiwa iwafikie jamaa zao au itumike kwa manufaa yao. Serikali ilikataa.

Hapa Mombasa palikuwa na kikosi kingine ambacho wengi wamekisahau. Mwingereza mmoja, Arthur Wavell, aliyekuwa na shamba la mkonge hapa na aliyewahi kwenda Makka mwaka 1908 akijifanya Mzanzibari, alikusanya Waarabu wa mjini mwaka 1914 akaunda kikosi cha Arab Rifles. Walikuwa Gazi Wajerumani walipojaribu kuja juu kutoka Vanga. Wavell aliuawa Mwele, upande wa Kwale, Januari 1916. Kikosi kilikuwa kidogo, lakini kazi yake ilikuwa kuijua njia: vichaka, visima na watu wa Kwale, vitu ambavyo askari wa kutoka India hawakuvijua.

Vita vya pili vilipokuja, jeshi lilikuwa limejifunza kitu. Safari hii vikosi vya kazi vilipewa majina na nembo. Palikuwa na wa mizinga, wahandisi, wa hospitali, wa vibarua, na hao EAASC, yaani wa malori na ugavi. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye nembo ya kichwa cha kifaru, ilipelekwa Burma mwaka 1944. Ilishuka bonde la Kabaw kutoka Tamu hadi Kalewa wakati wa masika ya kule. Mjomba anasema babu hakuwahi kusimulia Wajapani. Alisimulia matope: lori likizama mpaka mlangoni, mnakata magogo mnayalaza barabarani, mnasogea kidogo, mnakata tena, na mbele wenzenu hawajala. Kalewa ilichukuliwa Desemba 2, 1944. Kama malori na ndege zisingefika, batalioni za keya zingekaa na bunduki zisizo na risasi.

Tena wasiokuwa wa miguu nao walikufa. Mapema Februari 1944, meli Khedive Ismail ilitoka Kilindini kuelekea Colombo, imebeba kikosi cha mizinga cha 301 cha Afrika Mashariki pamoja na wauguzi na wanamaji. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Japani iliipiga ikazama kwa dakika chache. Watu 1,297 walikufa. Bandari ile ile ambayo sisi tunavuka kwa feri kila siku ndiyo nchi kavu ya mwisho waliyoikanyaga.

Ile sanamu ya askari iliyoko Jomo Kenyatta Avenue iliwekwa kwa ajili ya askari na wabebaji wa vita vya kwanza. Ukiizunguka hutaona jina la mtu hata mmoja. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti na kuomba radhi, ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina yao popote.

KAR yenyewe ilikoma Desemba 1963. Batalioni za 3, 5 na 11 zikawa Kenya Rifles. Ya 11 haikudumu, iliasi Lanet Januari 1964 ikavunjwa. Nambari za namna hiyo bado zinatumika jeshini hadi leo.

Msomaji, kama kwenu kuna mkebe kama wa mjomba, fungua uangalie herufi. KAR yenye nambari mbele ni askari wa miguu. EAA ni mizinga. EAE ni wahandisi, hao waliojenga madaraja. EAAMC ni wa hospitali. EAMLS ni wa vibarua, na hao ndio ambao familia nyingi huona haya kuwataja. Karatasi yenyewe usiitie plastiki ya moto, itaharibika. Ipige picha.

Mjomba ametoa nakala tano za cheti cha babu. Binamu alikuja Ijumaa baada ya swala kuchukua yake, na akauliza kama kuna picha ya babu akiwa na lori. Iko moja, imeliwa na mchwa upande mmoja, lakini usukani unaonekana.