Kidonda cha Mguu: Tafuteni Mapigo Kwanza

Bandeji ya kubana inayoponya mguu wa mgonjwa mmoja inaweza kuumaliza mguu wa mwingine, na ukivitazama harakaharaka, vidonda vyao vinafanana. Utawakuta wote wawili wamekaa benchi moja nje ya chumba cha kufungia vidonda, iwe Mbagala, Tandika, Tandale au Bunju. Mguu umevimba, kidonda kina miezi, na daftari la kliniki limejaa maneno yaleyale: safisha, funga, arudi baada ya siku mbili. Mmoja anaumwa vena, mwenzake anaumwa ateri. Tiba ya huyu ni sumu kwa yule.

Damu huteremka mguuni kwa njia ya ateri, ikisukumwa na moyo. Kupanda ndiyo kazi ngumu. Vena hutegemea misuli ya kigimbi, ambayo huzikamua kila mtu anapopiga hatua, na ndani yake zimo vali ndogo zinazoruhusu damu kwenda juu na kuizuia isirudi chini. Vali hizo zikilegea, damu hurudi na kutuama kwenye kifundo cha mguu. Shinikizo lake ndilo linalotanua mishipa mpaka ikaonekana imejipindapinda chini ya ngozi.

Huupata sana ugonjwa huu anayesimama siku nzima: mama lishe, mwalimu, kinyozi, mlinzi wa getini. Mimba huchangia, uzito mkubwa huchangia, na kuna koo ambazo mama, binti na mjukuu wote wanao. Huanza na uzito wa mguu jioni, muwasho, na uvimbe unaoisha mtu akishalala. Baadaye ngozi ya upande wa ndani, juu kidogo ya kifundo, inazidi kuwa nyeusi na kukakamaa. Wengi hudhani ni fangasi, wakapaka dawa mwaka mzima. Mwishowe ngozi hupasuka, na hapo ndipo kidonda cha vena hukaa: kipana, hakina kina kirefu, kinachuruzika maji mengi. Na kwa kuwa pwani yetu imeishi na matende tangu zamani, kila mguu mnene huitwa tende. Tofauti ipo. Matende huvimbisha mpaka juu ya unyayo na vidole, na ngozi hunenepa. Uvimbe wa vena kwa kawaida huviacha vidole.

Kidonda cha vena huponywa kwa kubanwa. Nasisitiza jambo hili kwa sababu naona fedha nyingi za watu wa kipato kidogo zikiishia kwenye mafuta ya kupaka, na unga wa kapsuli unaomwagwa juu ya kidonda, wakati kinachokizuia kupona ni damu iliyotuama chini yake. Bandeji ifungwe kuanzia karibu na vidole hadi chini ya goti, ikaze zaidi kwenye kifundo na kulegea kadiri inavyopanda. Mgonjwa atembee, na akilala ainue mguu uwe juu kuliko kifua. Kidonda kikishafunga, avae soksi maalumu za kubana, azivae asubuhi kabla hajashuka kitandani. Najua joto la Dar es Salaam mwezi wa pili, na najua kwamba nikimwambia muuza samaki avae soksi nzito mpaka gotini ananitazama kwa huruma. Hiyo ndiyo sababu upasuaji una nafasi yake. Vena iliyoharibika ikizibwa, kidonda hupona upesi na hakirudi kirahisi.

Zamani daktari aliifunga kwenye kinena na kuing'oa nzima hadi chini. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 imezoeleka kuiziba kwa joto la leza au la mawimbi ya redio, kwa kupenyeza uzi mwembamba ndani yake huku daktari akiangalia kwa ultrasaundi. Nyingine huzibwa kwa sindano ya dawa iliyogeuzwa povu. Mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyohiyo, na damu hupita kwenye vena nyingine zilizo nzima.

Ateri ni habari nyingine kabisa. Hapa njia ya kwenda chini ndiyo iliyoziba. Mafuta hujijenga ukutani mwa mshipa miaka na miaka, yakisaidiwa na sigara, presha na kisukari. Dalili ya kwanza iko kwenye mwendo. Mzee anashuka daladala Rangi Tatu, anatembea kiasi, kigimbi kinabana kama kimeshikwa na mkono, anasimama, maumivu yanaisha, anaendelea, na baada ya umbali uleule yanarudi. Nyumbani husema ni uzee. Hali ikiendelea, maumivu humfuata hata akiwa amelala, hasa usiku, kwenye vidole na unyayo. Muulizeni anavyolala. Mgonjwa wa ateri huuning'iniza mguu nje ya kitanda, au huhamia kulala kwenye kiti, kwa sababu mguu ukiwa chini damu kidogo inafika. Mgonjwa wa vena hutaka mguu uinuliwe. Swali hilo moja halina gharama yoyote na linatenganisha wengi.

Kisha kidole hubadilika rangi, na kidonda hutokea kwenye ncha za vidole au kisigino, kikavu, kina kingo kama zilizokatwa kwa patasi. Hapo ndipo jirani anaposema amekanyaga kitu, na miezi miwili mitatu ya thamani inaishia kwa mganga. Siwalaumu ndugu, kidole kinachooza chenyewe bila jeraha kinatisha, na mtu hutafuta maelezo mahali anapoyapata. Lakini mguu huo ukifungwa bandeji ya kubana, damu kidogo iliyokuwa inapita nayo inakatwa. Ukiwekewa mito chini ili uinuke, unanyimwa zaidi.

Kisukari huivuruga picha hii yote. Huua neva za unyayo, na mguu ukifa ganzi hautoi taarifa: msumari, makaa, maji ya moto, vyote vinapita kimya. Daktari Zulfiqarali Abbas na wenzake, ambao wameshughulikia miguu ya wagonjwa wa kisukari hapa Dar es Salaam kwa miaka mingi, waliandika mwaka 2005 kuhusu wagonjwa walioumwa na panya miguuni wakiwa wamelala, wasihisi kitu mpaka asubuhi. Mgonjwa wa namna hii anaweza kuwa na ateri zilizoziba na asilalamike maumivu ya kutembea hata siku moja. Tena kwake ateri zinazoziba zaidi ni zile nyembamba za chini ya goti, ambazo ni ngumu kuzitibu.

Ndiyo maana nasema tafuteni mapigo kwanza. Mhudumu wa zahanati anaweza kuyatafuta kwa vidole vyake, juu ya unyayo kati ya mfupa wa kidole gumba na wa pili, na nyuma ya fundo la ndani la kifundo. Asipoyapata, kifaa kidogo cha dopla husikiliza. Presha ya kifundo hugawanywa kwa presha ya mkono. Jibu likiwa chini ya 0.9, ateri imebana. Chini ya 0.5, mguu uko hatarini na haufungwi bandeji ya kubana kabisa. Likizidi 1.3 msifurahi: kwa mwenye kisukari mara nyingi maana yake ni kwamba ukuta wa ateri umekakamaa kwa chokaa na kipimo kinadanganya, kwa hiyo apimwe kwa njia nyingine. Kipimo hiki ni cha dakika chache. Kingekuwa kitu cha kawaida katika kila chumba cha vidonda kabla mgonjwa hajafika Hospitali ya Rufaa ya Temeke au Mwananyamala, tungewapokea watu wakiwa bado na mguu wa kuokoa.

Ateri iliyobana kidogo hutibiwa kwa kuacha sigara, aspirini, dawa ya kushusha mafuta, kudhibiti sukari na presha, na kutembea kila siku mpaka maumivu yaanze, kupumzika, kisha kuendelea. Iliyoziba zaidi ina njia mbili. Njia ya kwanza ilianzia Paris mwaka 1948, pale Jean Kunlin alipochukua vena ndefu ya mgonjwa mwenyewe, ile inayotoka kifundoni hadi kinenani, akaiunganisha juu na chini ya sehemu iliyoziba ili damu izunguke. Huigeuza juu chini, vinginevyo vali zake zingeizuia damu. Ni vena ileile inayotusumbua kwa kuvimba. Hii ni sababu nzuri ya daktari kutoing'oa ovyo kwa ajili ya urembo: kesho inaweza kuhitajika kuokoa mguu, au moyo.

Njia ya pili ni ya Charles Dotter, mjini Portland, Marekani, Januari 1964. Bibi mwenye zaidi ya miaka 80 alikuwa na vidole vinavyooza, akakataa kukatwa mguu. Dotter akapitisha mirija myembamba ndani ya ateri ya paja na kuitanua bila kupasua. Mguu ukapata joto, na bibi yule alitembea kwa miguu yake miwili mpaka alipofariki miaka michache baadaye. Siku hizi hutumika puto dogo. Kisa hiki nakieleza kwa tahadhari: ateri yake ilikuwa imebana sehemu fupi tu. Mguu uliooza na kuingiwa na usaha huua mwenye nao, na huyo kukatwa ndiyo tiba. Ila ndugu wana haki ya kuuliza kabla ya kusaini fomu kama mapigo yamepimwa, na kama mshipa unaweza kuzibuliwa. Kwa maswali hayo, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanza mwaka 2015 pale Muhimbili na ambayo sasa ina hospitali ya Dar Group karibu na Tazara, wilayani Temeke, ndiyo mahali pa kuelekezwa mgonjwa.

Yako mambo mawili yasiyosubiri rufaa ya taratibu. Mzazi aliyejifungua, au mtu aliyelazwa muda mrefu, akivimba mguu mmoja ghafla na kigimbi kikauma, damu huenda imeganda kwenye vena ya ndani. Kwetu pwani mzazi hukandwa na kuchuliwa. Mguu huo usikandwe wala usichuliwe, kwa maana bonge la damu likichomoka huenda kwenye mapafu na kuua. Aende hospitali siku hiyohiyo aanzishiwe dawa za kuzuia damu kuganda.

La pili ni mguu uliokuwa mzima kisha ukapoa ghafla, ukapauka, ukauma sana na vidole vikakataa kuchezeshwa. Hapo ateri imezibwa papo hapo, na misuli huanza kufa ndani ya saa sita hivi. Msiupashe joto kwa maji wala kwa mkaa. Ufunikeni kwa kanga nyepesi na mwende moja kwa moja kwenye hospitali kubwa. Bonge hilo huweza kuvutwa kwa mpira mwembamba wenye kiputo nchani, kifaa alichokibuni Thomas Fogarty mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mguu ukishaokolewa, moyo nao lazima upimwe, kwa sababu mara nyingi bonge limetoka humo, hasa kwa vijana ambao vali za moyo ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi utotoni. Asiyepimwa na kupewa dawa ya kuzuia damu kuganda yuko hatarini kupata bonge jingine, na hilo huweza kwenda kwenye ubongo.