Pima Sagi Kwanza, Stika Baadaye

Manze, siku ya motokrosi pale Jamhuri, anzia parking. Hutakosa msee ameshusha nduthi imewaka vibaya: stika mpya mpaka kwa rimu, handobaa ya dhahabu, ekzosti ya titani yenye bei yake ni rent ya Umoja miezi kadhaa. Madem wanacheki. Geti inaanguka, jamaa anafika kwa jump ya kwanza, tako linaenda juu, uso unaenda chini. Amechoma picha live. Stika zimebaki safi lakini.

Rada ni hii, buda: kitu ya kwanza ya kuseti haikuli hata soo. Inataka tu teip meja na mabeshte wawili. Inaitwa sagi, yaani vile nyuma inazama ukiikalia. Weka nduthi kwa stendi, tairi ya nyuma ining'inie. Pima kutoka kwa akseli, wima, hadi alama umechora kwa fenda. Tuseme 600 mm. Shusha, panda ukiwa umedunga kila kitu, buti, helmeti, maji mgongoni. Beshte mmoja ashike handobaa, mwingine apime tena pale pale. Imesoma 497? Sagi yako ni 103. Kwa nduthi kubwa za krosi, wasee wengi hutaka 100 hadi 105. Ikizidi, kaza ile ringi ya springi. Ikipungua, legeza.

Sasa shuka, nduthi ijibebe yenyewe. Inafaa izame kama 30 hadi 40. Na hapa ndio mafala hushikwa. Sagi yako iko fiti, lakini ukishuka, nyuma karibu haizami? Springi ni laini kwa uzito wako, umeikaza ikafika mwisho. Ikizama sana bila wewe, springi ni ngumu sana kwa uzito wako. Ya kiwandani huwa imepimiwa msee wa kilo sabini na kitu, si wewe wa chapo sita na madondo. Nunua springi. Ni doo, sawa, lakini ukiweka kando ya ile ekzosti ni pesa ya njugu.

Mbuyu atakuambia kaza yote, shoku ngumu ndio imara. Mbuyu alisomea hizi mambo kwa pick-up ya viazi. Mpe chai, usimpe spana.

Ukimaliza sagi, ingia kwa zile skrubu za kliki za shoku, za ribaundi na kompresheni. Funga polepole mpaka mwisho ukihesabu, andika namba, rudisha pale ilikuwa. Ribaundi ni spidi ya shoku kurudi juu. Ikirudi mbio, nyuma inakutupa, kama yule jamaa wa titani. Ikichelewa, kwa yale matuta ya kufuatana inapigwa ingine kabla haijainuka, inazidi kuzama, mwisho inakaa ngumu kama kitanda ya boarding. Kompresheni ndio inazuia kuzama. Inagonga chini kila ukiland? Ongeza kliki mbili. Inakudunda kwa vijiwe vidogo? Toa mbili. Guza kitu moja, piga lap, sikia, ndio uguze ingine. Kuna wasee huzungusha zote pamoja ndio waonekane mafundi. Wakiulizwa nini imebadilika wanaanza kubonga story ya mafuta.

Mbele usisahau hewa. Nyanyua tairi ya mbele, fungua zile skrubu ndogo juu ya foku, pssst, funga. Lakini kama uko na KTM yenye foku ya hewa ya WP, usiguse valvu ovyo! Hiyo hewa ndio springi yenyewe, hupimwa na pampu yake spesheli.

Halafu tairi, 12 hadi 14 psi. Mbuyu akibonyeza na kidole atasema uko na pancha.