Udongo wa Ziwani, Majani ya Tukuyu

Vyungu vyekundu vyenye nakshi nyeupe, ambavyo wengi wetu tumevikuta jikoni kwa bibi zetu, havikufinyangwa Tukuyu. Ni kazi ya akina mama wa Kikisi wa Ikombe, chini ya milima ya Livingstone ukingoni mwa Ziwa Nyasa, ambako ardhi ya kulima ni haba. Tangu zamani huvipakia katika mitumbwi hadi Matema, na Wanyakyusa waliwapa chakula badala yake. Soko lao la Lyulilo hufanyika Jumamosi.

Likizo iliyopita tuliagiza gunia la udongo huo, tukaketi na watoto wetu uani. Tulidhani ni mchezo wa siku moja.

Udongo hukandwa kwanza mpaka uishiwe na hewa, kisha husukumwa kwa chupa kama chapati nene. Jani huwekwa upande wa chini ukigusa udongo, kwa kuwa ndiko mishipa ilikotokeza, na chupa hupitishwa juu yake taratibu. Baadaye jani huvutwa kwa kikonyo. Jani la chai, fahari ya Rungwe, lilituangusha: alama yake ilikuwa hafifu. La mpera lilishinda yote. Nakshi ya mimea, tukumbuke, imepamba misikiti na misahafu kwa karne nyingi, wala haina utata ule wa sura za viumbe wenye roho.

Kazi ngumu ilikuwa kungoja. Mvua ya Tukuyu haina adabu, na sahani zetu zilikaa kivulini karibu wiki mbili. Kijana wetu alikosa subira, akaisogeza yake karibu na jiko. Ikapasuka kabla ya Adhuhuri. Haikuwa hasara, kwani udongo mbichi ukilowekwa hurudi kuwa udongo.

Uliokwisha chomwa haurudi. Binti yetu wa miaka tisa alikuwa amemtengenezea bibi yake sahani ya tende kwa ajili ya futari. Ilionekana kavu, nasi tukaipanga pamoja na nyingine juu ya kuni na nyasi. Unyevu uliobaki ndani ya udongo hugeuka mvuke, na mvuke hutafuta njia kwa nguvu. Tulisikia mlio mmoja tu. Kosa lilikuwa letu wakubwa: tulimhakikishia kuwa imekauka, ilhali hatukuigusa kwa chini.

Alilia hadi Magharibi. Asubuhi alichakura majivu, akapata kigae kikubwa chenye jani zima la mpera, mishipa yote ikisomeka, akampelekea bibi hivyo hivyo.

Bibi hakukitafutia gundi. Kila Ijumaa hukitilia kaa la moto na chembe za ubani, na mjukuu ndiye anayekizungusha chumba hadi chumba.